Hatua Sita za Minyaa

Jumatatu, 2 Juni 2008

Nimeficha jambo moja kwa miaka kumi na mitano. Binti yangu Tumpe halijui. Mchungaji halijui. Lusajo, jirani yangu wa mashariki, hajui hata kwamba kuna la kujua. Daktari wa Mbeya ameniambia moyo wangu umechoka, nihesabu wiki, nisihesabu miezi. Kwa hiyo nimeagiza daftari hili ili niliandike kabla sijafa.

Lakini si leo. Leo nina hasira.

Asubuhi alikuja Nesta, balozi wetu wa nyumba kumi. Anauza vitenge Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na ana sauti ya kusimamisha lori. Alisimama mlangoni na karatasi ya ofisi ya mji akaisoma yote, utadhani mimi sijui kusoma. Kuanzia tarehe mosi Julai ni marufuku kuzika mtu kwenye kiwanja cha nyumba. Wote tutakwenda makaburi mapya kule bondeni, kwenye mawe, tukapangwe kwa namba. Nikamwambia mke wangu Enesi amelala hapa uani tangu 1993, nami nitalala kando yake, sitaki namba. Akasema nafasi ipo. Mwenye kaburi la familia anaruhusiwa kuongeza moja, mradi majirani wote wanaopakana naye waweke sahihi, na yeye balozi agonge mhuri kabla mwezi huu haujaisha.

Majirani wote! Magharibi ni mjane Restuta. Huyo aliweka sahihi papo hapo kwenye hati niliyoitunga mwenyewe, vidole vimejaa unga. Kaskazini ni barabara, kusini ni mfereji. Mashariki ni Lusajo.

Lusajo! Miaka kumi na tisa hatujasalimiana kwa hiari. Ana mbuzi wanaozurura. Ana jogoo anayewika adhuhuri. Anafagia uwanja wake kuelekea kwangu. Zamani aliendesha malori ya shaba huko Ndola, na tangu arudi saa yake ya ukutani inafuata saa za Zambia, kwa hiyo kila anachofanya anakifanya saa nzima baada ya watu wenye akili. Mtu huyo ndiye ashike kalamu juu ya kaburi langu!

Nimeapa. Ataweka sahihi, na sitamwomba.

Jumatano, 4 Juni

Mpango wa kwanza.

Nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo kwa miaka thelathini na moja. Sijaona mtu akiweka sahihi kwa upendo. Mtu huweka sahihi akibanwa. Basi jana kutwa nzima nilikaa dirishani na blanketi magotini, nikaandika makosa ya Lusajo dhidi ya kanuni za mtaa. Mbuzi watatu barabarani bila kamba. Maji ya kufulia yamemwagwa njiani. Redio ya stesheni ya Zambia, kwa sauti isiyo ya jirani mwema. Taka zimechomwa siku isiyo ya kuchoma. Hadi jioni nilikuwa na makosa kumi na moja, kwa mwandiko ule ambao mahakimu walikuwa wakiusifu.

Hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Nesta amtishe Lusajo kwa faini. Mimi nitokee na huruma, niondoe malalamiko. Lusajo kwa shukrani aweke sahihi. Kwisha.

Tumpe, ambaye ameacha duka lake Mlowo kuja kuniuguza, aliuliza kama sina jambo bora la kufanya na siku zangu. Nikamwambia asinihesabie siku, apeleke barua.

Nesta alifika leo saa tatu. Alinishukuru. Alisema hajawahi kupokea malalamiko yaliyopangwa vizuri hivyo. Halafu akasema utaratibu ni kuanza ukaguzi kwa mlalamikaji, akaingia uani kwangu bila kuvua hata miwani ya jua. Choo hakina mlango tangu masika. Kuku wanalala jikoni. Maji yetu ya vyombo yanatiririka mpaka barabarani, tena kwa wingi kuliko ya Lusajo. Na uzio wangu wa minyaa upande wa mashariki umefika kwenye paa, wakati kanuni inasema usipite kifua cha mtu mzima. Upunguzwe kabla ya Jumamosi saa nne!

Na Lusajo? Ameonywa kwa mbuzi mmoja. Mmoja! Wale wawili wengine kumbe ni wa Restuta.

Muda wote huo Lusajo alisimama nyuma ya minyaa akitafuna muwa. Nesta alipoondoka akapenyeza uso kwenye matawi.

"Muli shani, Karani," akasema, kwa ile salamu yake ya Ndola. "Naona leo kesi imemfunga mlalamikaji."

Mtu aliyesoma hajibizani na muwa.

Jumamosi, 7 Juni

Siku ya usafi. Maduka yote yamefungwa hadi saa nne, kila nyumba ifagie mbele yake, na Nesta anapita na filimbi. Upepo wa Juni ulikuwa unakata masikio. Tumpe alipanda kwenye stuli na panga, mimi nikaelekeza kutoka kwenye kiti.

Nilimwambia akate kwa namna ambayo matawi yataangukia kwa Lusajo. Hakutaka. Alisema ni aibu. Nikamwambia aibu ni kuzikwa kwa namba. Akakata. Upepo ukageuka. Minyaa, kama kila mtoto wa hapa anavyojua, ina utomvu mweupe unaounguza jicho kama pilipili, na Tumpe aliupata macho yote mawili.

Alipiga ukelele hadi filimbi ya Nesta ikanyamaza. Mimi nilitafuta fimbo. Nilipoipata, Lusajo alikwisha kupenya kwenye uwazi, amemlaza Tumpe chali, amemvuta mbuzi jike kwa pembe, na anamkamulia maziwa machoni moja kwa moja kutoka kwenye chuchu. Mbuzi huyohuyo niliyemshtaki!

Tumpe anaona vizuri. Amelala na kitambaa usoni, anamsifu Lusajo na mbuzi wake kwa zamu. Nilimkumbusha kwamba saa mbili asubuhi mbuzi hatakiwi kuwa huru kwa mujibu wa kanuni. Amegeukia ukutani.

Lakini kilichoniumiza ni kingine. Lusajo hakuondoka mara moja. Alisimama mahali minyaa ilipokatwa, ambapo sasa anaweza kuona kwangu wazi. Alitazama kaburi la Enesi. Kisha akaanza kutembea kuelekea nyumbani kwangu, taratibu, akihesabu chini kwa chini. Alisimama kwenye hatua ya sita. Akanitazama. Akarudi kwake.

Haya. Nitaliandika hili, maana silo nililoficha. Hili ni kazi tu.

Minyaa ile ilitembea. Mwaka 1986 Lusajo alikuwa Ndola, na hapa alibaki mama yake, macho yamekwisha kabisa. Kiwanja chao kilikuwa kimeota magugu. Masika ya mwaka ule nilikata vipandikizi, nikavipanda hatua mbili mashariki, na vilipokolea nikang'oa mstari wa zamani. Masika yaliyofuata, hatua mbili. Na yaliyofuata, mbili. Minyaa haibagui udongo.

Lusajo alirudi mwaka 1989, akapeleka shauri kwa wazee. Wakamwuliza mama yake, shahidi pekee. Yule bibi akasema kila siku anasikia upepo ukivuma kwenye minyaa, na minyaa haijawahi kunyamaza. Wazee wakaandika kwamba uzio upo siku zote. Nilishinda! Mwaka 1993 akaleta mpimaji kutoka Vwawa, na mnyororo wa kupimia na vigingi vyekundu. Wakatukuta matangani. Kaburi bichi la Enesi, ndani kidogo ya minyaa, juu ya zile hatua sita. Lusajo alivua kofia. Alimwambia mpimaji akunje mnyororo, akaketi na waombolezaji siku tatu. Hakulizungumza tena.

Nani hupima juu ya kaburi? Hakuna.

Sioni haya. Ardhi ilikuwa haina kazi, mimi nikaipa.

Jumanne, 10 Juni

Mpango wa pili. Huu ni wa kisheria, tena mzuri sana.

Mahakamani, aliyeitwa asipofika huhesabiwa hana pingamizi. Nimemtuma Tumpe kwa Nesta na barua. Naomba kikao cha majirani uani kwangu kesho, saa tatu kamili asubuhi, na iandikwe kwamba mhusika yeyote ambaye hajafika ndani ya nusu saa amepoteza haki yake. Nesta amekubali yote. Amesema anapenda kanuni yenye dakika ndani yake, na kwamba atapita nyumba kwa nyumba kuwaita watu.

Lusajo ataambiwa saa tatu. Lusajo atatazama ule upuuzi wake wa ukutani. Lusajo atafika saa nne, amenyoa ndevu, na mhuri utakuwa umekauka!

Nilicheka hadi kikohozi kikanishika, Tumpe akaja mbio na beseni. Aliuliza kinachonichekesha. Nikamwambia kumbukumbu za kazini.

Jumatano, 11 Juni

Sijui nianze kumkasirikia nani.

Saa tatu kasoro dakika kumi nilikuwa uani, koti la mahakama, tai, viatu vimepigwa rangi. Tumpe alikuwa ameazima viti vinane vya plastiki kanisani. Upepo uliangusha vitatu, akaviinua.

Saa tatu kamili, hakuna mtu. Saa tatu na robo, hakuna. Saa tatu na nusu, hata Restuta hayupo, na Restuta huja hata asipoitwa. Hata Nesta! Mwanzo nilikasirika. Kisha akili ya ukarani ikaniamka. Hawajafika wote? Basi wote hawana pingamizi.

Nikafungua kikao. Nikavisomea viti ombi langu. Nikauliza kama kuna mwenye neno. Nikasubiri kwa muda unaostahili. Nikaandika muhtasari wa kurasa mbili kwamba ombi limepita bila kupingwa, nikaweka sahihi yangu, nikafunga kikao saa tatu na dakika hamsini. Tumpe akanipa vidonge vyangu, akanishika mkono hadi kitandani. Nikalala kwa furaha, mara ya kwanza tangu Pasaka.

Saa nne kamili wakaja. Wote kwa pamoja, Lusajo mbele, amenyoa ndevu.

Nesta anafungua kibanda chake Nakonde kila siku, na saa yake ya mkononi ni ya Zambia! Alipopita nyumba kwa nyumba watu walimwuliza ni saa tatu ipi, maana nusu ya mtaa huu inakula ng'ambo. Akawaambia ya Zambia, ndiyo anayoifuata yeye. Nyumba moja tu hakupita kuiambia, yangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyepanga saa.

Restuta alisema niamshwe. Tumpe akakataa. Nesi wa zahanati ameagiza nikishikwa na usingizi nisiguswe. Wakakaa kwenye viti, wakasubiri nusu saa kwa mujibu wa kanuni. Kanuni yangu! Kisha Nesta akaandika kwamba mwombaji hakufika, na ombi limeondolewa mezani hadi sahihi zitimie.

Eti Lusajo alipendekeza wangoje kidogo zaidi. Mnafiki.

Jioni nilimpelekea Nesta muhtasari wangu wa kurasa mbili. Ameurudisha. Amesema viti si majirani.

Jumamosi, 14 Juni

Mpango wa tatu ulikuwa kufa kidogo.

Huku kwetu hakuna anayemkatalia mtu aliyeko kwenye pumzi za mwisho. Anayemkatalia atasemwa sokoni, atasemwa kisimani, na wajukuu wake watakosa wachumba. Nilimwambia Tumpe aende kwa Lusajo na kusema baba anamalizikia. Akasema hawezi kusema uongo. Nikamweleza kwamba si uongo, ni ukweli unaowahi. Alitazama dari. Akaenda kumwambia tu kwamba baba anakuita.

Nilijilaza. Nilivuta shuka hadi kidevuni. Midomo niliipaka unga ili ikauke kama ya mgonjwa mahututi. Kando ya mto niliweka hati na kalamu iliyo wazi, kwa bahati mbaya.

Lusajo aliingia saa nane, akaketi kwenye kigoda. Kisha akanyoosha kidole gumba, akanifuta mdomo, akakitazama.

"Sembe hii, au dona?" akauliza.

Tumpe alitoka nje haraka. Nilimsikia akicheka nyuma ya jiko. Binti yangu mwenyewe!

Nilinyoosha kidole kuelekea kwenye kalamu, kwa udhaifu mkubwa. Lusajo hakuigusa. Alisogeza kigoda karibu.

"Mudala," akasema, kama wanavyomwita mzee huko Zambia, "mpaka uko wapi?"

Nikafumba macho.

"Sidai ardhi. Nina miaka sabini na mbili, nitailima na nani? Nataka useme tu, kwa mdomo wako, mimi na wewe humu ndani. Ulikuwa wapi?"

Nikapumua kama wapumuavyo wanaokata roho. Niliwaona wengi, najua. Lusajo akasema hana haraka, atangoja.

Akangoja! Kuanzia saa nane hadi jua linazama. Alikula ugali wetu na maharage, akaongezwa, akala tena. Alimsimulia Tumpe habari za Ndola, lori lililopinduka na shaba, mzungu aliyelia kwa Kibemba. Alichochea moto. Alirekebisha bawaba ya dirisha langu ambalo limelia miaka sita. Mimi wakati huo nilikuwa mahututi, siwezi kujigeuza, mguu umekufa ganzi, na haja ndogo imenibana tangu saa kumi. Hakuna mateso kama kufa mbele ya jirani.

Mwishoni alisimama, akaaga. Alisema kesho ni Jumapili, atapita baada ya ibada kama bado ninakufa.

Sitamwambia. Hata wanizike kwa namba moja, mbili, tatu, sitamwambia! Maneno yakitoka yanakuwa ushahidi.

Jumanne, 17 Juni

Sasa ni kweli, na hakuna anayeamini.

Miguu imevimba hadi magotini. Silali chali, maji yanapanda kifuani. Naandika nimekaa, mito mitatu nyuma. Restuta alichungulia, akatabasamu, akauliza leo nimejipaka unga gani. Nesi alipokuja kunisikiliza kifua hakutabasamu. Alimwita Tumpe uani wakazungumza.

Baadaye Tumpe alinikanda miguu kwa maji ya moto. Kisha akasema, "Baba, mwambie tu. Sema minyaa niliihamisha. Maneno mawili."

Nikamwuliza ameyajulia wapi.

Anayajua! Restuta anayajua, Nesta anayajua, mwenye duka la kona anayajua. Mtaa mzima umejua tangu 1989. Anasema shuleni watoto walimwita binti wa minyaa inayotembea, na walikuwa na mchezo wake: mmoja anafumba macho, wengine wanasogea hatua mbili. Miaka kumi na tisa! Miaka kumi na tisa nimepita barabarani na koti langu, nikiitikia shikamoo, nikidhani nina siri!

Nilimwuliza kwa nini hakuna aliyesema. Akasema waliogopa nitawaandikia barua.

Nina hasira na mtaa huu kiasi kwamba nimesahau kuhema.

Alipomaliza kunifuta miguu aliuliza jambo lingine. Alikuwa na miaka kumi na minne mama yake alipofariki. Anakumbuka wajomba zake walikuja kutoka Itaka na gari la mazao, wakasimama kaburini hadi udongo wa mwisho, wakaondoka bila kula, na hawajakanyaga hapa tena. Aliuliza kwa nini.

Nikamwambia chakula kilichelewa.

Alichukua beseni, akamwaga maji. Njiani, kinyume cha kanuni.

Alhamisi, 19 Juni

Nimeshinda!

Niandike kwa mpangilio, maana pumzi ni fupi.

Saa mbili asubuhi, saa ya kwetu, Lusajo aliingia. Peke yake. Hakuketi. Aliweka hati juu ya shuka langu. Sahihi yake ipo, kubwa, ya mtu asiyezoea kalamu. Chini yake mhuri wa Nesta, wino bado unang'aa. Nami sijasema neno hata moja! Sikuomba, sikukiri, sikutoa hata salamu.

Nilimwuliza anataka nini badala yake. Hakuna anayetoa sahihi bure.

"Si kwa ajili yako, Karani," akasema. "Nilipokuwa Ndola, Enesi alimletea mama yangu maji kila asubuhi. Miaka mitatu. Wewe unapanda minyaa, yeye anabeba ndoo. Alimwosha, alimsuka. Mama alikufa akimtaja kabla ya kunitaja mimi. Sasa nimwache Enesi alale pale peke yake, wewe ukatupwe bondeni? Yeye hakunikosea kitu. Mwache awe na mtu wake."

Machozi yalimlenga. Mwanamume mzima. Alinipa mkono, nikaupokea, sikuwa na jinsi. Kisha akatoka, na mbuzi wake aliyekuwa akimngoja mlangoni akapita juu ya mkeka wa Tumpe na kula maharage yaliyoanikwa. Nimeandika saa na dakika.

Nimeisoma hati mara tano. Naomba ieleweke kwamba niliitunga mwenyewe, tarehe 2, na sikutunga ovyo. Imeandikwa kwamba mwombaji azikwe kando ya kaburi la mkewe. Kando. Haisemi upande upi! Magharibi ya Enesi ipo nafasi tele, ni kwangu, kila mtu anadhani ni hapo. Lakini mashariki ya Enesi ni minyaa, na ng'ambo ya minyaa ni Lusajo, na Lusajo amekwisha kuweka sahihi.

Nilimwita Tumpe aandike. Kaburi lichimbwe mashariki. Minyaa ing'olewe pale, izungushwe kwa nje, na iachwe nafasi ya mtu kupita na maua. Ni hatua tatu zaidi, pengine nne wakijengea saruji. Tumpe aliandika hadi neno mashariki. Akaweka kalamu chini. Alinitazama kama anavyotazama mteja aliyeiba, akatoka. Namsikia huko nje, yuko kwenye uwazi wa uzio, anazungumza na Lusajo kwa sauti ya chini.

Wazungumze. Karatasi ni karatasi. Nimeuandika wosia huo mwenyewe kwenye ukurasa uliopita, nimeweka tarehe na sahihi. Akijaribu kunizika magharibi, atakuwa amevunja hati halali ya mtaa, na nimeorodhesha vifungu.

Sasa lile jambo. Pumzi haitoshi kulizunguka.

Mpimaji wa Lusajo alikuwa anakuja Ijumaa. Nilipata habari Jumatatu, nikiwa hospitali, kando ya kitanda cha Enesi. Alifariki Jumatano jioni. Nilimzika Alhamisi, mapema, kabla hata baadhi ya watu hawajafika. Nilimwambia kila mtu kwamba alichagua mwenyewe mahali pale, karibu na minyaa, asikie upepo. Wajomba nao niliwaambia hivyo, na hawakuniamini, kwa kuwa walikuwa wamemtembelea hospitali kabla hajafa.

Enesi aliniomba nimpeleke Itaka, azikwe kwa mama yake. Alisema asilazwe kwenye ardhi ya yule bibi kipofu, mama yake Lusajo. Aliniomba mara tatu, amenishika mkono wa koti. Mara zote tatu nilimjibu ndiyo.